Faiba ya nyumbani na video ya kulipia Dar es Salaam: soko linaishia getini

Kama mbele ya nyumba yako zinapita nyaya za kampuni mbili tofauti, faiba, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa kioo kwa mwanga, ndiyo huduma bora unayoweza kununua Dar es Salaam leo. Kama unapita waya mmoja tu, bado ni huduma nzuri, ila siku ikianza kusuasua huna pa kukimbilia. Tofauti hiyo ina uzito kuliko kasi iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Ndiyo maana tathmini hii haipimi kampuni moja. Inapima huduma yenyewe: inavyouzwa, inavyofungwa, inavyoharibika, na kanuni zinazoamua nani akuuzie.

Unalipia nini hasa

Bando la simu linauzwa kwa MB, faiba inauzwa kwa kasi. Ukilijua hilo hesabu inakuwa nyepesi. Bei elekezi ya data ya simu iliyowekwa na mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, mwaka 2021 ilikuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Netflix wenyewe wanakadiria kuwa video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Familia inayowasha runinga saa tatu kwa siku inaweza basi kufikisha GB 270 kwa mwezi. Zidisha kwa ile bei ya chini kabisa, Sh 2.03, unapata Sh 561,000 na chenji. Hakuna anayelipa hivyo, na sababu ni moja tu: watu hawaangalii video za saa tatu kwa bando, wanaangalia vipande vya dakika mbili kwenye simu. Faiba ya mwezi mzima bila kikomo inalipa kuanzia pale matumizi ya nyumba yanapovuka GB 30 hadi 40. Chini ya hapo, baki na bando.

Sehemu ya pesa unayotoa haifiki hata kwenye kampuni. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, huduma za mawasiliano zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Chukua mfano wa kifurushi cha Sh 70,000. Kampuni inabaki na kama Sh 50,700, ushuru ni Sh 8,620 na VAT ni Sh 10,680. Anayelalamika kuwa Dar mtandao ni ghali ana haki, lakini aangalie kwanza risiti ya EFD kabla hajamgeukia muuzaji peke yake.

Kuhusu kasi, usinunue namba kubwa kwa sifa. Netflix inahitaji Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa Full HD na Mbps 15 kwa 4K. Nyumba yenye runinga mbili na simu tano inatoshwa na Mbps 20, na 30 ni anasa ya kawaida. Anayenunua 100 halafu anatumia Wi-Fi inayopenya kuta tatu za tofali la inchi sita anajidanganya, kwa sababu simu iliyo chumba cha mwisho itapata 12.

Halafu kuna neno "hadi". "Kasi hadi Mbps 50." Neno fupi, ila ndilo linalobeba mkataba wote. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa za intaneti zinalazimika kuonyesha mahali pa kuuzia kibandiko mithili ya kile cha lishe kwenye pakiti ya biskuti: bei ya mwezi, ada nyingine, kasi ya kawaida ya kupakua na kupakia, ucheleweshaji, kikomo cha data. Serikali haikupanga bei. Ililazimisha tu muuzaji aandike anachouza. Dar kitu kama hicho kingesaidia kuliko bei elekezi yoyote, maana bei elekezi yenye sakafu inamzuia pia anayetaka kuuza rahisi.

Ufungaji: muulize fundi namba moja

Mafundi wengi wa faiba jijini ni wepesi na wanajua kazi. Tatizo ni kwamba wanalipwa kwa idadi ya nyumba, hivyo wakiona taa ya kijani imewaka wanakunja ngazi. Kabla hajaondoka mwombe asome nguvu ya mwanga inayofika kwenye kile kiboksi cheupe wanachokiita ONT. Kipimo kiko kwenye dBm na ni namba hasi: ikikaribia sifuri mwanga una nguvu zaidi. Kati ya -15 na -24 ni salama. Kiboksi cha kawaida cha GPON, ule mfumo wa waya mmoja kugawiwa nyumba nyingi, kinavumilia mpaka -27, kwa hiyo ukiambiwa -26 jua umefungiwa huduma iliyosimama ukingoni: kiungio kikiingia vumbi au waya ukivutwa kidogo, taa ya LOS, inayoonya kuwa mwanga haufiki, inageuka nyekundu na unaanza kupiga simu huduma kwa wateja.

Mwanga hupotea njiani kwa sababu zinazojulikana. Kigawanyio kinachogawa waya mmoja kwa nyumba 32 peke yake kinakula takribani dB 17. Hiyo haikwepeki. Kinachokwepeka ni waya uliokunjwa kwenye kona ya dirisha (usikunje duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3 kama hujui aina ya waya), kiungio cha kijani kilichoguswa kwa kidole chenye jasho, na waya uliokazwa kwenye nguzo bila kuachwa mzingo wa akiba. Acha mita mbili au tatu zimezungushwa nje ya nyumba. Lori la mchanga likiukata waya mtaani, hizo mita ndizo zitakazookoa siku mbili za kusubiri waya mpya.

Rauta isikae nyuma ya runinga wala ndani ya kabati. Iweke kwenye korido, juu ya usawa wa kichwa. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu nyingine zinaingiliana, na kwenye majengo ya Kariakoo au Upanga utakuta Wi-Fi ishirini za majirani zinagombea hewa hiyohiyo. Runinga na kompyuta ya mezani zichomekee waya. Hilo tu huondoa nusu ya malalamiko.

Umeme nao una hesabu yake. Faiba ina sifa moja ambayo hawaitangazi: vigawanyio vya mtaani havitumii umeme. TANESCO wakikata mtaa mzima, huduma yako inaendelea mradi kituo cha kampuni kina jenereta na wewe una betri ndogo ya rauta. Sasa angalia mtego wa madukani. Betri iliyoandikwa 8,800 mAh inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa volti 12 zinazotoka. Kwa hiyo ina kama Wh 32.5, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti unabaki na 27 au 28. ONT na rauta kwa pamoja vikila wati 12 hadi 14, ni saa mbili. Muuzaji akikuambia nane, mwambie aiwashe hapo dukani mkasubiri wote. Na kabla ya kununua soma nyuma ya kila kifaa: volti lazima zilingane kabisa, ampea za betri ziwe sawa au zaidi.

Saa mbili usiku

Hapa ndipo huduma inapopimwa. Mchana faiba ya Dar ni 8 kati ya 10. Usiku, kati ya saa 2 na saa 4, kuna mitaa inayoshuka hadi 5, na watu husema "waya umejaa". Waya haujajaa. Bomba moja la GPON linashusha Gbps 2.488. Hata nyumba 64 zikiangalia kwa pamoja, kila moja ina karibu Mbps 39. Kinachojaa kiko juu zaidi: kiungo kinachotoka kituo cha mtaa, au uwezo wa kimataifa ambao kampuni imenunua kidogo ili faida iwe nene.

Kupima si kazi ngumu. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, zima vifaa vingine, pima kasi kwenda seva iliyo Dar kisha seva iliyo London au Frankfurt. Fanya saa 8 mchana na saa 3 usiku, siku tatu mfululizo, ukipiga picha ya kila jibu. Dar ikiwa nzuri na Ulaya mbaya usiku, kampuni imebana uwezo wa kimataifa. Zote zikiwa mbaya usiku tu, tatizo ni kiungo cha mtaa. Zote zikiwa nzuri kwa waya lakini simu inasuasua, tatizo ni Wi-Fi yako na hakuna wa kumlaumu. Kampuni iliyounganishwa kwenye kituo cha kubadilishana data cha TIX hapa Dar hupitisha data ya ndani ndani kwa ndani. Ukiona seva ya Dar inajibu kwa zaidi ya milisekunde 100, data yako imezungushwa nje ya nchi na kurudishwa.

Swali jingine la kumuuliza muuzaji: mna njia ngapi za kutoka nchini? Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, wa EASSy mwaka uliofuata. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi ukanda huu. Aliyekuwa na njia ya tatu aliendelea kufanya kazi polepole. Mnunuzi wa kawaida hawezi kukagua mikataba ya mkongo, lakini anaweza kuuliza, na muuzaji anayebabaika kujibu amejibu.

Getini

Twende kwenye kiini. Sera ya mawasiliano ya Tanzania kwenye karatasi ni ya soko, tena ya mapema. Mwaka 2005 TCRA ilianza mfumo wa leseni nne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma tumizi, na maudhui. Wazo lake ni kwamba mwenye waya si lazima awe ndiye muuzaji wa intaneti, na muuzaji wa intaneti si lazima awe na waya. Masafa ya simu nayo yakaingia mnadani. Ule wa Oktoba 2022 ulileta zaidi ya dola milioni 187. Kuhama mtandao bila kubadili namba kulianza Machi 2017.

Somo zuri zaidi ni la gharama za muunganisho, yaani kile ambacho mtandao mmoja unaulipa mwingine kupokea simu. Mwaka 2017 kilikuwa Sh 26.96 kwa dakika. TCRA ikakishusha hadi 15.60 mwaka 2018, kisha ngazi kwa ngazi hadi Sh 2.00 mwaka 2022. Bei ya mteja haikupangwa. Kilichoshushwa ni kizingiti kilichokuwa kinambana mdogo, kwa sababu simu nyingi za wateja wa kampuni ndogo huishia kwa kampuni kubwa na kila dakika ilikuwa na ushuru wake. Kizingiti kikiondoka, vifurushi vya mitandao yote vinawezekana, na haja ya kubeba laini tatu ili upige simu kwa bei nafuu inapungua.

Faiba haijapata kitu cha aina hiyo. Mwenye jengo la ghorofa Masaki au Mbezi Beach anakubaliana na kampuni moja, waya wake unapanda kwenye ngazi, na mpangaji wa ghorofa ya nne hana uchaguzi hata kama barabarani zinapita nyaya tatu. Mwenye jengo amegeuka dalali wa kasi, na hilo halimo kwenye mkataba wa pango. Afrika Kusini walilitatua kwa biashara, si kwa amri: Vumatel ilianza kutandaza faiba mtaa wa Parkhurst, Johannesburg, mwaka 2014, waya ukiwa mmoja na wauzaji wengi juu yake, mkazi akihama muuzaji bila fundi kugusa ukuta. Uingereza walitumia mkono wa mdhibiti: mwaka 2006 kitengo cha nyaya cha BT, kampuni kongwe ya simu ya huko, kikatengwa kuwa Openreach ili kiwauzie washindani kwa masharti sawa. Njia zote mbili zinafanya kazi. Kuacha kila ngazi ya ghorofa iwe himaya ya mtu, hiyo si sera ya soko.

Ushindani wenyewe hata ukiwa wa mbali unaonekana. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipoingia Kenya Julai 2023, Safaricom ilikaa mwaka mmoja hivi, kisha Septemba 2024 ikapandisha kasi za faiba bila kupandisha bei: Mbps 40 zikawa 80, 100 zikawa 500. Vifaa vya mtaani vilikuwa na uwezo huo muda wote.

Kabla ya kupanga nyumba, basi, uliza kuhusu faiba kama unavyouliza kuhusu maji na LUKU. Ni kampuni ngapi zinaruhusiwa kuingiza waya? Kiboksi ni cha nani ukihama? Gharama ya kufunga inarudi ukikaa muda gani? Ukiambiwa kufunga ni bure, tafuta kwenye mkataba kipengele cha miezi 12 au 24. Bure hiyo imewekwa pale.

Kwa nyumba ambazo waya haufiki, Kigamboni ya ndani au Mbagala ya pembeni, rauta ya 4G au 5G ni mbadala wa kweli, 6 kati ya 10. Vodacom iliwasha 5G Septemba 2022 na wengine wakafuata. Ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi hayo): RSRP bora kuliko -90 dBm na SINR juu ya 13 zinatosha, RSRP ikishuka chini ya -105 hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Sogeza rauta dirisha la upande wa mnara kabla hujalalamika. Na soma kikomo: nyingi zinaitwa "bila kikomo" halafu kasi inabanwa baada ya GB kadhaa.

Video

King'amuzi bado kina nafasi yake, hasa kwa mpira. Ligi Kuu ya NBC iko Azam TV kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa Mei 2021 kwa Sh bilioni 225.6. Pesa hiyo imefika kwenye klabu, na viwanja vimeonekana. Lakini kwa mtazamaji ni duka moja: anayetaka Dabi ya Kariakoo hana bei ya pili ya kulinganisha. Kuna wanaodai haki zigawanywe. Waangalie Uingereza: kuanzia msimu wa 2007 haki za ligi yao ziliuzwa kwa mafungu sita, mnunuzi mmoja akikatazwa kuchukua yote. Matokeo yake shabiki alilazimika kulipia vituo viwili ili aone kila alichokuwa akikiona kwenye kimoja. Kinachomfaa mtazamaji wa Temeke zaidi ni sharti la kuuza kwa jumla: mwenye haki abaki mmoja, lakini chaneli yake ipatikane kwenye kila king'amuzi na kila programu kwa bei inayojulikana.

Agosti 2018 ilionyesha kanuni inavyoweza kumuumiza mtazamaji ikifuatwa neno kwa neno. Chaneli za bure za nyumbani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya Azam, DStv na Zuku, kwa kuwa leseni zao za kulipia hazikuruhusu kuzibeba. Mwenye dishi aliyetaka taarifa ya habari ya ITV alihitaji king'amuzi cha pili na antena. Leseni ilikuwa sahihi na sebule ikawa na rimoti tatu.

Kiufundi, dishi la Azam linaangalia setilaiti ya nyuzi 7 mashariki: kwa Dar ni upande wa magharibi ukipinda kidogo kaskazini, mwinuko wa kama nyuzi 52. Mwembe wa jirani upande huo ukikua, picha zinaanza kuganda hata jua likiwaka. DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu utosini, mwinuko wa nyuzi 81. Mti haukusumbui, ila mvua ya masika inasumbua wote. Usikaze skrubu za dishi kwa kuangalia nguvu ya mawimbi peke yake, angalia ubora. Ukiwa chini ya asilimia 60 juani, mvua ya kwanza itakata.

Video kwa programu juu ya faiba ina picha safi kuliko dishi siku ya mvua, na udhaifu mmoja usio na dawa: inachelewa kama nusu dakika. Jirani mwenye dishi atashangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Ikiharibika

Kanuni za vifurushi za Aprili 2021 zilizua kelele za bei mpaka vifurushi vipya vikasitishwa siku hiyohiyo ya tarehe 2, na katika kelele hizo mambo mazuri yakasahaulika: mtoa huduma anatakiwa kukujulisha matumizi yakifika asilimia 75 na 100. Kama hupati ujumbe huo, lalamika.

Malalamiko yanaanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na udai namba ya kumbukumbu. Simu bila namba hiyo haina thamani. Ambatanisha zile picha za vipimo vya siku tatu, usomaji wa dBm, na saa huduma ilipokatika na iliporudi. Siku 30 zikipita bila suluhu, peleka faili TCRA, Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, au uanzie Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA-CCC, likusaidie kuliandika. Usiyeridhika na uamuzi unakata rufaa Baraza la Ushindani. Na ukiamua kuhama, rudisha ONT ukiwa na picha ya namba yake ya usajili na uchukue hati ya kuipokea iliyogongwa muhuri, kwa sababu deni la kifaa "kisichorudishwa" huwa linaibuka siku unapohamia jengo jingine lenye waya wa kampuni ileile.